Zoo Tycoon ya Pili Yamtaka Mwenye Bustani Ashuke Chini

Wako watu wanaoshikilia kwamba mchezo wa kompyuta ni upuuzi wa watoto, na kwamba mtu mzima anayeuandikia gazetini amekosa kazi. Hao nawaachia rai yao. Leo nataka kuzungumza na wale waliowahi kukesha wakipanga ua wa simba, wakihesabu majani na mawe, kisha wakaletewa toleo la pili la mchezo ule ule na wakajiona wageni katika nyumba yao wenyewe. Rai yangu ni kwamba malalamiko yao mengi ni ya haki, lakini kuna jambo moja kubwa ambalo toleo hilo limewapa na wao wamelikataa kwa sababu ya mazoea tu.

Mchezo wenyewe unaitwa Zoo Tycoon. Ulitengenezwa na Blue Fang Games, kampuni ya jimbo la Massachusetts huko Marekani, na kutolewa na Microsoft mwaka 2001. Mchezaji hupewa kiwanja kitupu na fungu la fedha, akatakiwa ajenge bustani ya wanyama itakayovuta wageni wenye kulipa kiingilio. Ukimleta twiga, sharti umzungushie ua, umpandie migunga, umwajirie mtunzaji wa kumlisha na kumsafishia. Wageni nao wana masharti yao: wakikosa mahali pa kula, au choo, au benchi la kupumzikia, hununa na kuondoka. Ua usipotengenezwa huchakaa, na ukichakaa mnyama hutoka, na sikwambii kizaazaa cha wageni wanaomkimbia simba baina ya vibanda vya vitafunio.

Kila kitu ulikitazama kutoka juu kwa ubavu, kama mtu aliyepanda darini akichungulia uani kwa jirani. Ardhi ilikatwa miraba miraba kama ubao wa sataranji, na kila mraba uliweza kuutia majani, mchanga, theluji au maji. Ndipo hesabu ilipoanza. Simba alitaka sehemu kubwa ya ua wake iwe majani ya mbugani. Dubu mweupe alitaka theluji na maji ya kuogelea. Na kila mmoja alikuwa na miti aipendayo na miti asiyoweza kuitazama. Ukipatia, nyuso za kijani zenye tabasamu zilimtoka mnyama kichwani. Ukikosea, zikatoka nyekundu zilizokunja uso. Mtu alikaa akipanda mti mmoja, anatazama uso, anang'oa, anapanda mwingine, anatazama tena, mpaka adhana ya alfajiri inamkuta yu macho.

Mtaalamu wa toleo lile la kwanza alikuwa mhasibu hodari. Sisemi hivi kwa dharau hata kidogo. Mwenye duka ajuaye kila kibaba cha mchele kilipo ana ustadi wake, na mtu aliyeweza kumridhisha dubu mweupe katika ua mdogo, huku fedha hazimpungukii na wageni hawanung'uniki, alikuwa amejifunza kitu cha kweli: kuona mambo kumi kwa pamoja na kujua lipi litangulie. Mwaka 2002 zikaongezwa sehemu mbili. Dinosaur Digs ilileta dinosau na wanyama wengine waliotoweka zamani, na Marine Mania ikaleta viumbe wa baharini, hata mchezaji akawa na pomboo wanaoruka mbele ya majukwaa yaliyojaa watu. Wapenzi wa mchezo walizijua hata siri zake. Ukiuita ua mmoja kwa jina la Xanadu, basi ulifunguliwa mnyama wa hadithi, farasi mwenye pembe moja. Mambo kama hayo hukaa katika kumbukumbu ya mtu kama njia za vichochoro vya mtaa aliozaliwa.

Sasa, Novemba 2004, likaja toleo la pili.

Kitu cha kwanza kilichombabaisha mchezaji wa zamani kilikuwa macho yake. Miraba imekwisha. Picha zimekuwa na kimo, upana na kina, na jicho la mchezaji linaruka kama kunguru popote linapotaka, juu ya paa, chini ya mti, nyuma ya tembo. Uhuru mwingi namna hiyo humchosha aliyezoea kutazama kutoka pembe nne tu. Mkono uliojua kuweka ua mstari kwa mstari bila kufikiri, sasa unatapatapa. Isitoshe, kompyuta iliyolibeba la kwanza bila taabu ilihema kwa la pili, na katika nyumba ambayo kompyuta ni moja na watumiaji ni sita, hilo si jambo dogo.

Hebu tuyataje malalamiko ya haki, maana yapo. Aliyekuwa amejenga mabwawa ya pomboo katika toleo la kwanza alilifungua la pili asikute bahari yoyote ya kuwafugia. Viumbe wa baharini walirudi mwaka 2006 katika sehemu ya nyongeza yenye jina lile lile la Marine Mania, na wanyama waliotoweka wakapata sehemu yao kamili mwaka 2007, iitwayo Extinct Animals. Kila sehemu kwa bei yake. Ni kama mtu aliyehamia nyumba mpya yenye madirisha mazuri na vigae vinavyong'aa, akauliza jiko liko wapi, akaambiwa litajengwa mwaka wa kesho kutwa na kodi yake ni mbali. Kwetu watu wa pwani, bustani ya viumbe isiyo na bahari ni kama meza ya futari isiyo na tende. Katika hili simlaumu mchezaji hata mmoja aliyelifunga la pili na kurudia la kwanza.

Lalamiko la pili la haki ni juu ya ustadi wa kupanda. Toleo la pili lilileta brashi ya mazingira. Unachagua mbuga, au jangwa, au msitu wa mvua, kisha unapaka, na papo hapo ardhi inageuka rangi na miti na mawe yake yanachipuka pamoja. Kazi ya saa nzima imekuwa ya dakika. Wengi waliipenda, na mimi nakiri inapendeza kwa macho. Lakini inamwibia mtu kitu.

Hapa Mombasa tunao mfano wa bustani ya wanyama iliyoanza na kiwanja kitupu kweli kweli, nao ni Haller Park kule Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, ardhi nyeupe iliyoungua, isiyo na udongo wala kivuli. Kazi ya kupafufua ilianzwa mwaka 1971 na René Haller, na katika miti aliyoijaribu, uliokubali kumea vizuri ni mvinje. Hata hivyo majani ya mvinje yalianguka yakajikusanya tu, hayaozi. Wakaletwa majongoo. Majongoo wakayala majani makavu, wakayageuza, na polepole udongo ukapatikana, kisha miti mingine, kisha ndege, kisha wanyama. Leo mtoto wa skuli anasimama pale akimlisha twiga kwa kiganja chake, na chini ya viatu vyake upo udongo uliotengenezwa na jongoo. Hakuna brashi iliyopaka mahali pale. Katika jambo hili toleo la kwanza, pamoja na miraba yake yote ya kitoto, lilikuwa karibu zaidi na Bamburi, kwa kuwa lilikufanya uutolee jasho kila mti.

Basi ikiwa nasema hivyo, mbona natetea toleo la pili? Kwa sababu ya miguu.

Toleo la pili lilimpa mchezaji miguu. Ukitaka, unaacha kuruka angani, unashuka, unatembea katika bustani yako kwa kimo cha mtu. Unapita katika njia ulizozijenga mwenyewe. Unaingia uani. Unashika reki na kuzoa kinyesi, unaweka chakula, unajaza maji, unamtazama mnyama mgonjwa. Unapewa na kamera, upige picha, na ziko kazi za mchezo zinazokudai picha fulani: mnyama anayekula, mnyama anayecheza. Huwezi kuipata picha hiyo kwa kuhesabu asilimia za majani. Sharti usimame umngoje.

Na hapa ndipo mchezaji wa zamani anapokwama. Analichezea la pili kama alivyolichezea la kwanza, yaani kutoka juu, na kwa juu la pili ni dhaifu kweli. Fedha zake si ngumu kama zile, upangaji wake si wa kubana kama ule. Anamaliza saa mbili, anasema mchezo umeharibiwa, umefanywa wa kitoto. Lakini muulize kama amewahi kushuka akazoa mavi ya kifaru walau mara moja. Atakucheka. Atasema: mimi ni mwenye bustani, nimeajiri watu wa kazi hiyo.

Jibu hilo ndilo linalonishughulisha, kwani linagusa zaidi ya mchezo. Katika toleo la kwanza mnyama alikuwa uso wa kijani au uso mwekundu. Ulimfurahisha ili uso ubadilike, na uso ulibadilika ili mgeni alipe. Huwezi kumhurumia kiumbe aliye mdogo kama punje ya kunde katika kioo. Katika la pili unasimama naye, unamwona akilala, akijikuna, akizunguka pale pale kwa kukosa la kufanya, na unatambua kwamba ule ua uliouona mkubwa ulipokuwa juu ni mfinyu ukiwa ndani yake.

Sisi Waislamu tunapaswa kuwa wepesi wa kuliona jambo hili. Nani asiyejua habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwachia ajitafutie mwenyewe? Mtume, rehema na amani zimshukie, hakusema kwamba mwanamke yule alimpiga paka au alimkata mkia. Alimsahau, basi. Kinyume chake ipo habari ya Abu Umayr, mtoto mdogo aliyekuwa na kidege chake cha kuchezea, na Mtume alikuwa akimwuliza habari za kidege hicho kwa upole na utani. Mwanachuoni mmoja wa madhehebu yetu ya Shafii, Ibn al-Qass, aliandika kijitabu kizima juu ya habari hiyo fupi, akatoa humo faida zipatazo sitini, na wanavyuoni wametumia habari hiyo kuonyesha kwamba kumfuga ndege kizimbani kunajuzu maadamu haki zake anapewa. Baina ya habari hizo mbili, ya paka na ya kidege, ndipo ulipo ua wowote wa mnyama yeyote duniani. Haki ya mnyama aliyefungwa iko juu ya yule aliyemfunga, na haiondoki kwa kumwajiri mtunzaji.

Najua wapo watakaouliza juu ya picha za viumbe, kama zinafaa au hazifai hata katika mchezo. Hiyo ni mas-ala ya fiqhi, wenyewe wapo, na mimi si mmoja wao. Wa saa za Sala nawajibu mara moja: mchezo huu una kitufe cha kuusimamisha, wala hakuna mwenzako upande wa pili atakayekufunga bao ukiwa msikitini. Anayechelewa asiusingizie.

Turudi kwa mnyama na yule anayemtazama kwa karibu. Desemba 2004, mwezi mmoja tu baada ya toleo la pili kutoka, mawimbi makubwa ya Bahari ya Hindi yalifika hata kwetu, na huko Malindi akaokolewa mtoto wa kiboko aliyetengana na kundi lake. Akaitwa Owen, akapelekwa Haller Park. Dunia nzima ikaja kusikia namna alivyomwendea kobe mkubwa wa Aldabra aitwaye Mzee, akajificha nyuma yake, kisha akawa halali ila ubavuni mwake, hali ala ila karibu naye, na kobe mkongwe wa miaka kama 130 akamkubali. Hakuna hesabu ya mchezo wowote ambayo ingempangia mtu amweke kiboko na kobe pamoja. Walioliona jambo lile na kulisimulia walikuwa watunzaji waliokuwa pale chini, kwa miguu yao, kila siku. Mwenye kutazama kutoka darini angeona madoa mawili ya kijivu.

Kwa hiyo anayehamia toleo la pili, hata kama anahamia leo baada ya miaka ishirini na zaidi, namshauri asianze kwa kuijenga upya bustani yake ya zamani. Hilo ndilo wanalolifanya wengi, nami nimeliona kwa zaidi ya mmoja: anakumbuka lango lilikuwa hapa, simba pale, pundamilia nyuma yake, na anahangaika kulazimisha ramani ya miraba ikae juu ya ardhi yenye vilima. Haikai. Kila kinachokosekana kinamwuma, na kila kilicho kipya hakioni. Aanze na ua mmoja. Akisha kuujenga, ashuke aitembee njia ya wageni tangu langoni, atazame wanachokiona wao. Mara nyingi atakuta mti alioupanda kwa kumfurahisha mnyama umesimama mbele ya uso wa mgeni, na tembo aliyemgharimu fedha nyingi haonekani ila makalio. Hilo toleo la kwanza lisingemfunza kamwe. Brashi ya mazingira aitumie kwa kuanzia, kama mtu anavyopaka chokaa, kisha aondoe mawe na miti aipange upya kwa mkono mmoja mmoja. Mchezo haumkatazi. Ule ustadi wake wa zamani wa nyuso za kijani haukupotea, umeongezewa kazi.

Na asidhani kwamba majonzi haya ni yake peke yake au ni ya toleo moja. Blue Fang Games ilifungwa mwaka 2011. Mwaka 2013 jina la Zoo Tycoon lilipewa watengenezaji wengine, Frontier Developments wa Cambridge, Uingereza, wakatoa mchezo wa mashine za Xbox, na safari hii waliolia ni wale waliokulia katika toleo la pili. Wale wale niliowasikia wakiitwa watoto walioharibiwa na picha nzuri, sasa wakawa wazee wanaosimulia zamani. Mwaka 2019 Frontier wakatoa Planet Zoo, ambao kwa jina si wa ukoo ule lakini kwa damu ni wake. Humo hesabu ngumu zimerudi, mhasibu amepata kazi yake. Na wanyama wanazeeka na kufa, wanarithi tabia za wazazi wao, ukiwaacha ndugu wakazaana kizazi kinadhoofika, na ukiwatunza vibaya waandamanaji wanaingia bustanini wamebeba mabango. Napenda sana hao waandamanaji. Katika toleo la 2001 mgeni alinung'unika kwa ajili ya tumbo lake. Sasa yupo anayekuja kunung'unika kwa ajili ya mnyama.

Mwenye diski zake za zamani azihifadhi vizuri, na asishangae zikigoma. Michezo mingi ya miaka ile ilitiwa kufuli liitwalo SafeDisc, na Windows 10 ilipokuja mwaka 2015 ililikataa kufuli hilo, hata mtu aliyenunua kwa halali akaambiwa na kompyuta yake kwamba haifungui. Kama ipo kompyuta kuukuu stoo, inayowaka bado, isiuzwe kwa mnunua vyuma. Ifutwe vumbi, iwekwe mezani, na matoleo yote mawili yatiwe humo pamoja, la 2001 na la 2004, kila mtu nyumbani achague.

Mtoto mwanzishie la pili. Kabla hujampa fedha za kujengea, mpe reki, mwache azoe, alishe, apige picha. Wanyama adimu hawaji siku ya kwanza. Wanafunguliwa kadiri nyota za bustani zinavyoongezeka, na nyota ya kwanza ataipata kwa wale wa kawaida, ikiwa wameshiba.